Kwa Nini Isale Halifi

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikishaanza sitaki kuona meno ya mtu. Mmeshinda asubuhi nzima mkihangaika na isale hilo. Mmevunja mpini wa jembe, panga limeharibika makali, na mizizi bado iko palepale chini. Mimi nimechimba makaburi ya ukoo huu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na ningewaambia mapema kwamba mnajichosha bure, ila hakuna aliyeniuliza. Kaeni chini mpumzishe mikono. Nitawaeleza kwa nini mti huu haufi, na mkishasikia sidhani kama mtaufurahia sana uzima wake.

Zamani hizo miti ilikuwa ikifa upesi. Mti ukikatwa, mizizi yake ilikata tamaa siku hiyohiyo, na kabla ya mvua nyingine kunyesha kisiki kilikuwa kimegeuka unga. Moto ukimponyoka mtu aliyekuwa akichoma viazi kando ya msitu, msitu ule ulikwisha moja kwa moja, na wajukuu zake waliambiwa tu kwamba hapa palikuwa na kivuli. Watu wa mlimani walikata bila kufikiri. Isale nalo lilikuwa mti laini wa kando ya vijito, wenye majani marefu ya kufungia mizigo ya ndizi, na hakuna aliyeliheshimu.

Wafu walizikwa kama tunavyowazika leo, ndani ya kihamba, yaani shamba la migomba lenye nyumba ya mwenyewe katikati. Juu ya kaburi yaliwekwa mawe matatu. Na ukoo ulikuwa na sheria moja ngumu. Mjane asiye na mtoto wa kiume aliruhusiwa kubaki katika kihamba cha mumewe iwapo tu angeweza kuwaonyesha wazee kaburi la mumewe kila mwaka, masika yakiisha. Akishindwa kulionyesha, walisema hakuna tena anayemshikilia pale, na kihamba kikarudi kwa ndugu wa marehemu. Msiniulize nani aliyeitunga sheria hiyo. Ninachojua ni kwamba hakuwa mjane.

Katika siku hizo walikuwapo ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Mkubwa aliitwa Kirita, mdogo aliitwa Salema, na vihamba vyao vilipakana. Salema alikuwa na mke jina lake Mkunde na mabinti wawili ambao bado walikuwa wadogo. Ndugu hao walipendana kama ndugu wanavyopendana, maana yake walisaidiana kwa kila kitu na waligombana kwa kila kitu.

Mwaka mmoja wakaamua kuchimba mfereji wa kuleta maji kutoka korongoni. Siku ya nne ya kuchimba, Salema alikuwa chini ndani ya mfereji akipima kina kwa fimbo ya isale, na Kirita alikuwa juu ukingoni. Ukingo ukabomoka. Walikuja watu wa vihamba vyote vya jirani kufukua kwa majembe na kwa mikono, na walipompata jua lilikuwa limeanza kushuka. Alikuwa bado ameishika fimbo yake, na ilibidi wamfungue vidole kimoja kimoja ili waitoe.

Wakamzika, wakapanga mawe matatu. Hakuna aliyelia kuliko Kirita. Kwa mwaka mzima alimpelekea Mkunde kuni, alimrekebishia paa, na kila wakati wa kupalilia alikuja na jembe lake bila kuitwa. Watu wakamsifu. Mkunde mwenyewe alisema kwamba Mungu amemnyang'anya mume lakini amemwachia shemeji.

Masika ya pili yalipokaribia kwisha, Mkunde alikwenda kufagia kaburi asilione. Mawe hayakuwapo hata moja. Alizunguka pale mpaka kichwa kikamuuma, na hatimaye akaelewa. Mtu pekee aliyekuwa amelima sehemu ile ni Kirita, na aliyaondoa mawe yale huku akimsaidia. Jiwe moja kwa kila palizi.

Sasa mwelewe hali ya mwanamke huyu. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa, na kwao hakukuwa na mtu wa kumfungulia mlango. Wazee wa ukoo wangefika kabla mwezi haujaisha. Akikosa kaburi la kuwaonyesha, angetoka na mabinti zake wawili na jungu moja, aende asikokujua. Kumshtaki Kirita hakuweza. Nani angemwamini, wakati kijiji kizima kilikuwa kimemwona akimbebea kuni?

Alirudi nyumbani akaichomoa darini ile fimbo ya isale aliyokutwa nayo mumewe. Ilikuwa imekauka miaka miwili juu ya moshi wa jiko. Mahali pa kaburi alipakumbuka bado, kwa kuwa udongo ulikuwa umetitia kidogo, ingawa wazee wasingekubali alama hiyo bila mawe. Akaichomeka pale kwa nguvu zake zote. Kisha akasema nayo.

"Mwenyewe wako amekufa na sikuweza kumzuia," alisema. "Wewe usinifie. Wakikukata, usife. Wakikuchoma, usife. Mimi sina mwingine wa kunishikilia hapa. Usife mpaka nitakapokuja mwenyewe kukuambia basi."

Kila asubuhi alinawia uso juu ya fimbo ile, na maji ya kunawa yalichanganyika na machozi, sitawaficha. Siku ya tisa fimbo ikatoa jani. Fimbo kavu, ya moshini! Wazee walipokuja, walikuta mmea unaofika gotini umesimama pale palipokuwa na mawe. Mkubwa wao, Mzee Mleli, aliushika, akautazama, akamtazama Mkunde. Alikuwapo siku walipomfungua Salema vidole, na fimbo ile aliijua.

"Mawe yanahama," alisema. "Kuanzia leo hatutazami mawe tena. Palipo na isale hili, Salema yupo. Ukoo umesikia?"

Ukoo ukajibu kwamba umesikia. Kirita naye alijibu, na sauti yake ilisikika.

Tangu hapo Kirita hakuwa na raha. Alikitaka kihamba kile, hilo ni kweli, maana maji ya mfereji yangepita kwanza kwa Salema kabla ya kufika kwake. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomkaba zaidi ya maji, nalo alilijua peke yake. Kila alipofungua mlango asubuhi aliliona isale ng'ambo ya mpaka, limenyooka, na chakula kikamkataa.

Siku ya kwanza ya gulio, Mkunde alipokwenda kuuza ndizi, Kirita alivuka na panga akalikata isale usawa wa udongo. Mwezi haukuisha, yakaota matatu mahali pa moja. Gulio jingine akarundika majani makavu ya migomba juu yake akayatia moto. Isale likawa jeusi, likanywea, na Kirita akalala usingizi mzuri siku kadhaa. Halafu mvua ikanyesha, jivu likalegea, na ncha za kijani zikatokeza katikati yake. Mkunde aliyaona yote hayo akanyamaza. Alikuja tu asubuhi akanawa uso kama kawaida yake.

Mara ya tatu Kirita alijipanga. Mkunde alikuwa amevuka mto na mabinti zake kwenda kwenye msiba, wakae siku mbili. Kirita akachimba shimo refu, akaufuata kila mzizi mpaka mwisho wake, akatoa kila kitu. Akafukia, akasawazisha, akapanda maharage juu ili udongo usionekane mpya. Shina, matawi na mizizi akavibeba nyumbani, akavikatakata vidogovidogo kama tunavyokata majani ya mbuzi, akavimwaga zizini. Alifikiri tumbo la mbuzi litamaliza kazi iliyoshinda panga na moto. Mkunde aliporudi akakuta maharage, akangoja ncha za kijani zitokeze kama mara mbili za kwanza, wala hazikutokeza.

Mbuzi walinusa wakageuza shingo. Wakavikanyaga vipande vile siku baada ya siku, vikachanganyika na mavi na mabua, na zizi lilipojaa Kirita akazoa samadi akaipeleka kwenye migomba yake. Ndiyo desturi yetu. Mtu wa kwetu anaweza kuzika ndugu asubuhi, lakini samadi ya zizini hataiacha ilale bure. Aliibeba kwa kichwa chake mwenyewe, kikapu baada ya kikapu, akaitandaza chini ya kila mgomba, kuanzia mpakani hadi mlangoni kwake.

Masika yakaanza, na vipande vikaanza kuota. Mwanzoni Kirita aliona vitatu, akaving'oa na kuvitupa nyuma ya migomba. Kesho yake akaona kumi. Aling'oa kila asubuhi, na kila alichokitupa kikashika udongo pale kilipoangukia. Alikonda. Mkewe akadhani ana minyoo, akamchemshia dawa chungu, akainywa bila ubishi.

Masika yalipokwisha, wazee wakaja. Mkunde aliwapeleka kwenye kaburi, akasimama mbele ya maharage. Alisema, "Ni hapa." Akasogea hatua mbili akasema, "Au ni hapa." Akapiga magoti akaanza kufukua kwa kucha, akitafuta hata mzizi mmoja wa kuwaonyesha, na hakuupata. Mabinti zake walimshika nguo wakamwomba ainuke. Wazee kadhaa wakatazama pembeni, maana hata aliyeishika sheria anaweza kuionea haya.

"Mwanangu," Mzee Mleli alisema, "tulikubaliana mbele ya watu wote. Palipo na isale, Salema yupo. Sasa isale halipo. Kusanya vitu vyako."

Mkunde hakubisha. Alikwenda ndani akaanza kufunga mzigo. Ilikuwa desturi wazee wapewe pombe ya ndizi nyumbani kwa yule anayekabidhiwa kihamba, kwa hiyo wakavuka mpaka kuelekea kwa Kirita. Siku hiyo walikuwa wamefika mapema kuliko kawaida, kabla Kirita hajapata nafasi ya kuzunguka shamba lake na kung'oa. Alijaribu kuwapitisha njia ya juu, akisema ya chini ina tope. Mzee Mleli alijibu kwamba miguu yake imezoea tope, akapita ya chini.

Ndani ya migomba ile wazee wote walisimama. Chini ya kila mgomba palikuwa na isale. Mengine yalikuwa marefu kama kidole, mengine yalifika kiunoni. Yalikuwapo kando ya njia, nyuma ya zizi, na mawili yalikuwa yameota pande mbili za mlango wa nyumba ya Kirita kama watu waliokuja kumwita.

"Kirita," Mzee Mleli akasema. "Tulisema palipo na isale, Salema yupo. Nionyeshe hapa kwako mahali ambapo hayupo."

Kirita akakaa palepale kwenye tope. Aliwaeleza juu ya mawe, panga, moto na mbuzi, wala hawakuwa wamemuuliza. Kisha akafika kwenye lile jingine. Asubuhi ile ya mfereji, yeye na mdogo wake walikuwa wamegombana kuhusu maji yaingie kwanza kihamba cha nani. Salema alishuka chini akiwa bado anacheka, kwa sababu alikuwa ameshinda ubishi. Kirita akabaki juu na hasira zake. Akauona ukingo unapasuka mbele ya miguu yake, ufa mwembamba, akaujua ni nini.

"Ningemwita angetoka," alisema. "Nafasi ilikuwapo. Nikasema moyoni, ngoja kwanza, aogope kidogo. Nikangoja. Sikutaka afe, baba zangu. Nilitaka aogope."

Wazee wakarudi kwa Mkunde wakamwambia afungue mzigo wake, kihamba ni chake na cha mabinti zake. Wakamweleza na yale waliyoyasikia. Mnadhani alishangilia? Aliketi juu ya mzigo uleule mpaka wazee wakaaga, akasema afadhali angebaki na ile habari ya ukingo uliobomoka wenyewe. Shemeji aliyekuwa amebaki naye, huyo naye alizikwa siku hiyo, ila alikuwa bado anatembea.

Kirita akaanza kuisha. Baada ya mwezi mmoja alivuka mpaka akaja kusimama uani kwa Mkunde. Alikuwa amechuma jani moja refu la isale. Maneno yalimgoma, na mikono yake, kwa kukosa la kufanya, ikalifunga lile jani fundo. Akalinyoosha mbele yake kwa mikono miwili. Mkunde alilitazama kwa muda mrefu.

"Ungekuja na mbuzi ningekufukuza," alisema. "Ungekuja na wazee ningekufukuza pamoja nao. Lakini jani hili limetoka kwenye fimbo ya mume wangu. Nikilikataa nimemkataa yeye." Akalipokea. Akasema amemsamehe, na alikuwa amemsamehe kweli, ingawa sauti yake haikuwa na joto lolote.

"Kuna jingine, mama," Kirita akasema. "Naomba uyaambie yafe. Ya kwako yabaki. Haya ya kwangu, ya mlangoni, yaambie yafe. Wewe yatakusikia."

Mkunde akatikisa kichwa. "Shemeji, msamaha nimekupa. Lakini hayo unayoyataka ni kunituma nikamwambie Salema afe mara ya pili. Mdomo wangu hauwezi."

Kirita akarudi nyumbani akaishi katikati ya masale yale mpaka siku zake zilipotimia. Walipomzika hawakuhitaji kupanda alama. Popote ambapo wangechimba, isale lilikuwa limetangulia.

Miti mingine ilikuwa ikisikia yote haya, maana chini ya ardhi mizizi hugusana kuliko sisi majirani tunavyogusana. Neno la Mkunde likapita kutoka mzizi hadi mzizi. Mkuyu ulilisikia vizuri, na ndiyo maana ukiukata leo kisiki kinakuchekea na machipukizi mapya. Mgunga ulilisikia. Msonobari ulikuja baadaye na wageni haukulisikia, basi ukikatwa unakufa kama miti ya zamani. Mkaratusi nao ni mgeni, na huo sijui uliambiwa na nani.

Mkunde aliishi sana. Mabinti zake waliolewa wakazaa, nywele zake zikawa nyeupe, na kila asubuhi alinawia uso palepale. Lakini uzeeni alianza kuuhurumia ule mti. Mabinti zake walimsikia akisema kwamba ameuchosha, kwamba umeshika zamu ndefu kuliko mtu yeyote, na kwamba hana tena anachokiogopa hapa duniani. Siku moja hakuweza kuinuka kitandani. Akawaita wamwinue.

"Nipelekeni kwenye isale," aliwaambia. "Nataka kuliambia basi, lipumzike. Niliahidi nitakuja mwenyewe."

Wakambeba juu ya ngozi, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Kutoka mlangoni hadi kaburini hakukuwa mbali. Njiani aliwaambia mara mbili waongeze mwendo. Walipomshusha chini ya mti, mkono wake ulikuwa umenyooshwa kuelekea shina na midomo yake ilikuwa wazi, lakini pumzi ilikuwa imekwisha kukatika. Wakamzika hapohapo, ubavuni mwa mumewe. Mabinti walijaribu kulisema lile neno kwa niaba ya mama yao. Wakalisema kwa zamu, wakalisema pamoja. Isale halikunyauka hata jani moja, kwa sababu halikuambiwa limsikie mwingine.

Na tangu siku hiyo isale halifi. Ukilikata linaota, ukilichoma linaota, ukilikatakata unajizidishia. Kwa hiyo tunalipanda mpakani, kwa kuwa mawe yanahama, na tunalipanda kaburini ili mjane asiulizwe alipo mumewe. Mtu aliyekosa kosa zito hufunga fundo jani lake akampelekea aliyemkosea, na anayepelekewa halikatai, hata kama moyo wake bado unavuja damu.

Lakini mimi nimetembea sana milima hii, nami nimeliona jingine. Nimelikuta isale limesimama peke yake porini, mahali ambapo hapana nyumba, hapana mgomba, wala hapana mzee anayekumbuka ni ukoo gani ulioishi pale. Chini yake kuna mtu, na waliomlilia wamekwisha wote, na waliowalilia hao nao wamekwisha. Ukilitazama majani yake ni ya kijani kibichi. Nami huondoka haraka, kwa maana nalionea huruma, na sina mamlaka ya kuliambia basi.